Uzi: Hivi kweli Ukristo uliazima roho isiyokufa kwa Plato? Tuwasikilize mababa wa Kanisa wenyewe

Kitabu Kizee (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila ukifunguliwa mjadala wa hali ya wafu humu, mambo huenda vilevile. Mmoja anasema mtu akifa amelala mpaka ufufuo. Wa pili anasema roho inatoka na kwenda zake siku hiyohiyo. Halafu anaingia wa tatu na kuwafunga mdomo wote: "Hayo ya roho kutokufa ni ya Plato, Kanisa lilidesa kwa Wagiriki." Anamwagiwa likes, uzi unakufa.

Leo namgeukia huyo wa tatu. Wakristo wa karne ya 2 waliokuwa wamemsoma vizuri Plato, yule mwanafalsafa wa Kigiriki, walimbishia hapohapo kwenye roho. Na ukitaka kujua Wagiriki waliona kichaa gani kwa Wakristo, utakuta ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya mwili.

Kwanza tuache kusema "Wagiriki" kana kwamba walikuwa ukoo mmoja. Plato anatuambia roho ilikuwepo kabla ya kuzaliwa na haifi, na mwili ni kikwazo kwa anayetafuta ukweli. Mwanafunzi wake Aristoteli akaja na lugha nyingine kabisa: roho ndiyo umbo la mwili ulio hai, na kuuliza kama roho na mwili ni kitu kimoja ni sawa na kuuliza kama nta na alama iliyopigwa juu yake ni kitu kimoja. Epikuro akasema roho ni chembechembe, ukifa zinatawanyika, basi. Wastoiki nao waliiona roho ni pumzi yenye moto iliyoenea mwilini, yaani nayo ni aina ya mwili. Sasa anayesema "waliazima kwa Wagiriki", aseme ni Mgiriki yupi.

Turudi Athene, mwaka 399 KK. Sokrates, mwalimu wa Plato, yuko gerezani, jua likizama atakunywa sumu. Mchana kutwa amewaeleza rafiki zake kwa nini roho haifi. Mwishoni rafiki yake Krito anauliza swali la mtu wa kawaida: tukuzike vipi? Sokrates anacheka, anamjibu: vyovyote mpendavyo, mkiweza kunikamata nisiwaponyoke. Kisha anakwenda kuoga mwenyewe ili wanawake wasipate kazi ya kuosha maiti. Jibu hilo alilopewa Krito lishikeni, nitalihitaji.

Naendelea, msichangie haraka.

Nyuki Dume

Nimevuta kiti. Weka nyama mkuu.

Mchokonozi

Uzi mrefu siku ya kazi? Haya, twende.

Kitabu Kizee

Sasa Justino, Mkristo wa karne ya 2. Huyu alizaliwa Flavia Neapoli, leo tunaita Nablus, na hata baada ya kuwa Mkristo aliendelea kuvaa joho la wanafalsafa. Anasimulia mwenyewe alivyozunguka kutafuta mwalimu. Mstoiki hakuwa na la kusema kuhusu Mungu. Mfuasi wa Aristoteli alitaka kwanza wapatane ada (hapo Justino akaona huyu si mwanafalsafa). Mfuasi wa Pithagora akamtaka asome muziki, elimu ya nyota na jiometri ndipo arudi. Hatimaye akatulia kwa wafuasi wa Plato, akaona amefika.

Halafu siku moja, anatembea peke yake karibu na bahari, akakutana na mzee. Wakabishana. Na mzee alianza kumng'oa kwenye roho hasa: roho haina uzima wa kwake yenyewe. Inaishi kwa sababu Mungu anataka iishi, na Mungu asipotaka, haipo. Kama ingekuwa haifi kwa asili yake, ingekuwa haikuumbwa, nayo ingekuwa mungu mwingine.

Someni tena hapo. Mkristo wa mnamo mwaka 160 anaandika kwamba alianza safari ya kuwa Mkristo kwa kuambiwa kuwa Plato amekosea kuhusu roho. Kitabu hichohicho, mbele zaidi, anasema ukikutana na watu wanaojiita Wakristo lakini hawaamini ufufuo wa wafu, wanasema tu kwamba wakifa roho zao zinachukuliwa mbinguni, usiwahesabu kuwa Wakristo. Leo ukiyasema hayo msibani watakutoa nje!

Wala hakuwa peke yake. Tasiano, mwanafunzi wake, aliwaandikia Wagiriki waziwazi kwamba roho kwa yenyewe inakufa, ingawa inaweza isife. Teofilo wa Antiokia akasema mtu hakuumbwa wa kufa wala wa kutokufa, aliumbwa wa kuweza yote mawili, kutegemea anaelekea wapi.

Mtumishi wa Jumamosi

Asante sana mleta uzi! Ndicho tunachohubiri miaka yote tunaitwa wapotoshaji. Mwanzo 2:7 iko wazi, "mtu akawa nafsi hai". Wafu hawajui neno lolote. Justino alikuwa wetu.

Kitabu Kizee

Mtumishi, taratibu. Justino atakukana mlangoni. Katika mazungumzo yaleyale mzee anasema si kwamba roho zote hufa. Za wema zinakaa mahali pazuri na za waovu mahali pabaya, zikisubiri hukumu. Zinasubiri, hazijalala. Wala hazijaingia mbinguni, kwa hiyo hata jirani yako anayekupinga hatapata anachokitaka. Usimchukue mtu wa karne ya 2 ukampa kadi ya uanachama wa dhehebu la leo.

Mtumishi wa Jumamosi

Sawa, lakini kwa asili inakufa au haifi?

Kitabu Kizee

Kwa asili haina uzima wa kwake. Hapo mko pamoja.

Binti Pangani

Naomba mwendelezo wa mwili. Kwa nini Wagiriki waliona kichaa?

Kitabu Kizee

Dada, soma Matendo 17. Paulo yuko Areopago, baraza la Athene, kuna Waepikuro na Wastoiki. Anawanukulia mpaka mshairi wao, "sisi sote tu wazao wake", na wanamsikiliza vizuri tu. Alipogusa ufufuo wa wafu ndipo wengine wakaanza kudhihaki. Mwanafalsafa Kelso, aliyeandika dhidi ya Wakristo mnamo mwaka 178, alikiita kitu hicho tumaini la funza: roho gani yenye akili ingetamani kurudi kwenye mwili uliooza?

Watu wa mtaani nao walielewa vizuri Wakristo wanaegemea wapi. Mwaka 177 huko Lyon, Ufaransa ya leo, Wakristo waliuawa hadharani. Askofu wao Potino, mzee wa zaidi ya miaka 90, alipigwa akafia kizuizini. Barua ya walionusurika inaeleza kilichofuata: maiti zikaachwa nje siku 6 zikiwa na ulinzi ili zisizikwe, kisha zikachomwa, na majivu yakafagiliwa ndani ya mto Rhône. Sababu iliyotajwa ni kuwanyima hata tumaini la ufufuo, tuone sasa kama watafufuka.

Hebu fikirini. Kama Wakristo wale walikuwa wanahubiri habari ya Plato, roho inaruka na mwili unabaki maganda, nani angehangaika kulinda maiti siku 6 na kufagia majivu?

Aliyemrithi Potino ni Ireneo. Huyu hakuwa mwanafalsafa wa joho. Ugomvi wake ulikuwa na wafuasi wa Valentino, mwalimu aliyehesabiwa mzushi, waliogawa watu mafungu matatu: wa udongo, wasiookoka kamwe, wa katikati, wanaoweza kwenda huku au huku, na wa roho, ambao wataokoka tu kwa asili yao hata wafanye nini. Ireneo alichukia mgawanyo huo kuliko kitu chochote. Kwake binadamu ni mmoja, na mtu kamili ni mwili na roho pamoja na Roho wa Mungu. Ukiutoa mwili, umebakiza kipande. Akawauliza, mnakula mkate na kunywa kikombe cha Bwana, miili yenu inalishwa kwa hivyo, halafu mnasema mwili hauwezi kupokea uzima?

Na Adamu wa Ireneo hakuumbwa mkamilifu akaanguka kutoka juu ghorofani. Aliumbwa kama mtoto. Mama anaweza kumpa mtoto mchanga chakula kigumu, ila mtoto hakiwezi. Kosa lake ni la mtoto aliyekimbilia ukubwa kabla ya wakati. Binafsi naona hii ndiyo picha nzuri kuliko zote za asili ya mwanadamu zilizoandikwa kipindi kile, na nasikitika imezimwa na picha zilizokuja baadaye.

Mchokonozi

Swali la kizushi lakini niko serious. Baharia kazama, kaliwa na samaki, samaki kavuliwa, nimemla mimi na ugali. Siku ya ufufuo ile nyama ni ya nani?

Nyuki Dume

😂😂 Huyu jamaa.

Kitabu Kizee

Mnacheka, lakini hilo swali ni la zamani na liliwatoa jasho. Kuna kitabu kizima juu ya ufufuo, kimepokewa kwa jina la Athenagora, kinalijibu hilohilo: samaki kala mtu, mtu kala samaki, na mtu kala mtu. Jibu lake ni la kitabibu, kwamba si kila unachokula kinakuwa wewe. Kila mnyama ana chakula kinachomfaa kwa asili, na nyama ya mtu haimfai mtu, hivyo inapita bila kujengeka mwilini. Augustino, askofu wa Hippo, naye alirudi hapo na kusema nyama ile ni deni, inarudishwa kwa mwenyewe wa kwanza. Kwa hiyo Mchokonozi, utarudisha.

Mwana wa Sofia

Kitabu Kizee, uzi mzuri ila unachagua wanaokufaa. Mbona humtaji Tertuliano, aliyesema roho haifi? Na Origene? Origene ni Plato aliyebatizwa. Roho zilikuwepo kabla ya miili, zikachoka kumtazama Mungu, zikaanguka, na kadiri zilivyoanguka ndivyo zikawa malaika, watu au mashetani. Hiyo ni nini kama si Plato?

Kitabu Kizee

Nilikuwa nakungoja. Tertuliano nampenda, ngoja nimpe nafasi yake.

Tertuliano wa Karthago ndiye aliyeuliza Athene ina uhusiano gani na Yerusalemu, yaani falsafa na imani. Watu wananukuu hilo wanadhani hakusoma. Alisoma sana. Kitabu chake juu ya roho, cha mnamo mwaka 210, kimejaa Wastoiki na kazi za Sorano, yule tabibu. Ni kweli anasema roho haifi. Ila anasema pia roho ni mwili! Ina urefu, upana na sura ya binadamu. Na ushahidi wake mmojawapo ni dada wa kanisa lao aliyekuwa anapata maono wakati wa ibada ya Jumapili. Watu wakishaondoka, anawasimulia aliyoyaona. Siku moja alisema ameonyeshwa roho: si tupu, unaweza kuishika, laini, inang'aa, ina rangi ya hewa, na umbo lake ni la mtu kabisa. Tertuliano anaandika hayo kwa utulivu kama mtu anayeweka risiti mezani. Plato angezimia. Halafu roho hiyo inatoka kwa wazazi pamoja na mwili, hakuna kungoja mahali popote kabla ya kuzaliwa.

Kwa Origene sina ubishi mwingi. Umemweleza sawa. Aliamini ufufuo, ila mwili ufufukao aliueleza kwa namna iliyowatia wengi wasiwasi. Lakini angalia kilichompata. Mtu huyu aliteswa chini ya Kaisari Decius kwa ajili ya imani, alikuwa msomi mkubwa kuliko wote wa enzi yake, na bado mafundisho yale ya roho kuwepo kabla ya mwili yakaja kulaaniwa, suala likafungwa kwenye mtaguso wa Konstantinopoli mwaka 553. Kama mradi ulikuwa kumbatiza Plato, mbona aliyembatiza vizuri kuliko wote ndiye aliyekataliwa?

Mwana wa Sofia

Siasa za Kaisari Justiniani pia zimo. Usizisahau.

Kitabu Kizee

Zimo, tena sana. Lakini kaisari hakuitunga hofu ile, aliikuta. Ilikuwa na umri wa miaka zaidi ya 150 tayari.

Sasa mnikumbushe Krito na swali la mazishi. Mwaka 379, Ponto, karibu na Bahari Nyeusi. Makrina anakufa. Ni dada yake Basili Mkuu na Gregori wa Nisa, maaskofu wawili. Amelala juu ya ubao sakafuni, homa imembana, na Gregori amefika analia kwa kifo cha Basili. Gregori akayageuza mazungumzo yao kuwa kitabu, na kila msomaji wa enzi ile aliona amekifuata kitabu cha Plato kinachosimulia siku ile ya Sokrates: mwalimu anayekaribia kufa anafundisha juu ya roho. Ila mwalimu ni mwanamke, na askofu ndiye mwanafunzi anayeleta pingamizi.

Makrina anasema wazi wanaliweka kando gari la farasi wawili, mfano wa Plato wa roho, na Aristoteli pia. Kisha anajenga kitu kisichokuwa cha Sokrates: mtu akifa, roho haiukimbii mwili. Inabaki karibu na kila chembe yake hata zikitawanyika, inazijua zilizo zake, na siku itafika itazikusanya.

Kwenye wasifu wa Makrina, Gregori anaeleza usiku ule wa kuandaa maiti. Mwanamke mmoja aitwaye Vetiana anasogeza taa, anafunua kidogo kifuani, anamwonyesha kovu dogo kama alama ya sindano. Hapo palikuwa na uvimbe mbaya ambao Makrina alikataa kumwonyesha tabibu, akamwomba mama yake afanye ishara ya msalaba, ukapona. Sokrates aliwachekesha rafiki zake kwamba maiti si yeye. Huku kaka anainama na taa kusoma historia ya dada yake kwenye ngozi.

Binti Pangani

Duh. Hapo kwenye taa nimesimama kidogo.

Nyuki Dume

Lakini haya yote yana faida gani nje ya vitabu? Mwili, roho, nta, gari la farasi...

Kitabu Kizee

Faida nitakupa moja, kutoka kwa Gregori huyuhuyu. Aristoteli ameandika kwamba wapo watu ambao ni watumwa kwa asili, chombo chenye uhai. Kwa asili! Gregori anahubiri juu ya Mhubiri 2:7, pale mfalme anapojisifu kununua watumwa, anawageukia wasikilizaji wake: umelipa oboli (sarafu ndogo) ngapi kwa mfano wa Mungu? Umeona nini kwenye viumbe chenye thamani sawa na asili ya binadamu? Katika maandishi ya zamani yaliyotufikia, kuushambulia utumwa wenyewe kwa namna hiyo, siyo tu ukatili wa mabwana, ni kitu adimu mno.

Mwana wa Sofia

Adimu, ndiyo neno lake. Wenzake hawakumfuata. Augustino alisema utumwa si wa asili, sawa, ila akauita adhabu ya dhambi na akawaambia watumwa watii. Kwa mtumwa pale shambani tofauti ni ipi?

Kitabu Kizee

Kwa siku ile, hakuna. Sikupingi.

Mtumishi wa Jumamosi

Umemtaja Augustino. Huyo ndiye aliyeleta dhambi ya asili, watoto wachanga kuhukumiwa. Mseme.

Kitabu Kizee

Augustino ana uzi wake, ila nitagusa sehemu moja ambapo anaachana na Wagiriki kweli. Sokrates alishikilia kwamba hakuna atendaye ubaya kwa kujua. Anayekosea hajui lililo jema. Mfundishe, atapona. Aristoteli aliona hapo pana tatizo, akahangaika na mtu anayejua jema na bado anashindwa na tamaa. Sasa Augustino, umri miaka 16, Thagaste, Algeria ya leo: yeye na vijana wenzake usiku wanaiba mapeari kwenye mti wa jirani. Matunda yenyewe hayakuvutia kwa sura wala ladha. Nyumbani alikuwa na mazuri zaidi. Wakawatupia nguruwe. Alijua ni vibaya, hakuwa na njaa, na anakiri alichokipenda ni uovu wenyewe. Sokrates hana dawa ya kijana huyo. Tatizo limehama kutoka kwenye akili kwenda kwenye utashi, na hapo anasimama na Paulo wa Warumi 7.

Ndiyo maana alipoandika sala yake, "toa unachoamuru, kisha amuru utakacho", Pelagio, mwalimu Mkristo aliyekuwa Roma, aliisikia akakasirika. Kwake Mungu haamuru lisilowezekana. Sala kama hiyo ni kisingizio cha wavivu. Mtaguso wa Karthago wa 418 ukamhukumu Pelagio. Mimi kwenye watoto wachanga simfuati Augustino, na Mashariki hawakumfuata hivyo pia. Lakini kwenye mapeari sijaona aliyemjibu.

Mchokonozi

Huyu naye si alikuwa mfuasi wa Plato na anachukia mwili?

Kitabu Kizee

Anayechukia mwili ni Plotino, mfuasi wa Plato aliyefariki mwaka 270. Mwanafunzi wake Porfirio anaanza wasifu kwa kusema alionekana kuona aibu kuwa ndani ya mwili. Alikataa kuchorwa, akauliza kama haitoshi kuibeba sanamu hii tuliyovishwa na maumbile mpaka tuache na sanamu ya sanamu. Wakamleta mchoraji darasani kwa siri akamchora kwa kukumbuka.

Augustino kijana alivisoma vitabu vya watu hao na vikamsaidia kutoka kwa Wamani, dini iliyouona mwili kuwa wa uovu, hilo anakiri. Lakini mzee wa Hippo, kwenye kitabu cha 22 cha Mji wa Mungu, anahesabu uzuri wa mwili kiungo kwa kiungo, na anasema vingine vimewekwa kwa ajili ya uzuri tu bila kazi yoyote. Mifano aliyoitoa ni chuchu za mwanaume na ndevu.

Nyuki Dume

Ndevu bila kazi? Mzee alikosea hapo 😂

Mwana wa Sofia

Nitafungua uzi wa Maksimo Muungamadini, mtawa wa karne ya 7, na utashi wa Kristo wiki ijayo. Yule alikatwa ulimi na mkono wa kuume mwaka 662 kwa kutetea kwamba utashi ni sehemu ya asili ya mtu. Kitabu Kizee, njoo na maandishi, si maneno.

Kitabu Kizee

Nitakuwepo. Mtumishi wa Jumamosi, bado hujanijibu zile roho za Justino zinasubiri wapi.